Sabufa ya Area D na Ngoma Yangu

Ulikuwa mwaka tuliokula uwele uliochipua. Mtu wa Dodoma wa umri wangu akisikia hivyo haulizi tena ni mwaka gani. Mvua ilinyesha mpaka uwele ukaota ungali kwenye suke, tukaukata hivyo hivyo, tukauanika popote palipopata jua la nusu saa, tukausaga. Ugali wake ulikuwa unanata mkononi kama gundi, na una utamu wa uongo, utamu wa kitu kilichoharibika. Mboga ilikuwa mlenda asubuhi na mlenda jioni. Na mjini maduka yamejaa! Maziwa ya kopo, biskuti za nchi ambazo sitazijua, redio zimepangwa dirishani kama mikate. Tulikuwa tunapita tunatazama, tunarudi kwenye mlenda.

Mvua hiyo ndiyo iliyoangusha nyumba yangu. Nilikuwa na tembe mbele ya Msalato, paa la udongo, marehemu mume wangu aliijenga kabla mwanangu hajaota meno. Paa la udongo linavumilia jua miaka hamsini, ila mvua ya miezi haliwezi. Lililala taratibu, mchana kweupe, mimi nimesimama nje nalitazama. Sikulia. Niliingia upande uliokuwa bado umesimama nikatoa vitu vitatu: chungu cha mlenda, jembe na ngoma.

Ngoma hiyo niieleze, maana ndiyo kisa chenyewe. Kwetu Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaume waruke watakavyo, wanaopiga ni sisi, tumeibana ngoma katikati ya mapaja. Ziko ndogo nyingi na iko kubwa moja. Mimi nilipiga kubwa. Niliachiwa na mama yangu mdogo, naye aliachiwa, na mti wake ulikatwa na watu ambao hakuna aliye hai anayekumbuka sura zao. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwenda kuchunga. Vyeti sina. Lakini vijiji saba vilikuwa vinatuma mtu kunifuata wakichezwa wasichana, na niliendewa kwa miguu, siyo kwa barua.

Mwanangu alikuja kunichukua na gari la ofisi. Alikuwa dereva serikalini, amejenga mjini, Area D, nyumba ya matofali ya kuchoma na sakafu nyekundu inayong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Mkaza mwanangu alikuwa karani, msichana wa Iringa, mpole, ila ana mpangilio wake. Ngoma yangu aliiweka kona ya sebule, akaitandika kitambaa cha kufuma, juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki.

"Inapendeza, eti mama?" aliniuliza.

"Inapendeza," nikamwambia. Mgeni hapangi nyumba. Lakini kila nikipita pale nilikuwa naona kama nimemwona mama yangu mdogo amevalishwa kofia ya polisi.

Sikuipiga. Ningepiga na nani? Ngoma kubwa peke yake ni mtu anayejibu wakati hajaulizwa. Na nilikuwa nimechoka. Sijui niseme vipi uchovu wa mwaka ule. Siyo wa kazi, maana kazi sikuwa nayo tena. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki uani kuanzia asubuhi, namenya kitu, jioni inafika, nimechoka kuliko aliyelima.

Basi mwanangu akanunua vyombo vya muziki. Siyo redio. Alikuwa ameona nyumbani kwa bosi wake spika tano zimezunguka sebule, na ya sita sanduku kubwa chini, wanaiita sabufa, ya kutoa sauti nzito peke yake. Unatazama video, gari linapita kwenye kioo, na wewe unasikia limepita nyuma ya kisogo chako. Alirudi siku hiyo hajala, anaeleza kwa mikono. Kuanzia hapo hakulala vizuri mpaka alipoleta vyake kutoka Dar es Salaam, juu ya lori, siku nne njiani kwa sababu ya matope.

Vilifika vimelowa. Spika zenyewe zilikuwa zimefungwa nailoni zikapona. Sanduku la sabufa ndilo liliumia. Lilikuwa la mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, limekunywa maji likavimba kama andazi ndani ya chai. Mwanangu alikaa chini sakafuni akalishika kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, mtu mzima na mvi zake mbili tatu.

Akaitwa fundi wa Kizota. Mtu wa makamo, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, anaongea polepole kama anayepima kila neno kwa rula. Alichukua spika nzito, akaitengenezea sanduku jipya la mbao ngumu, akalirudisha Jumatatu limepigwa msasa vizuri. Akaunganisha nyaya. Spika mbili ndefu, urefu wa mtoto wa darasa la pili, zikasimama huku na huku ya televisheni. Moja ikalazwa juu ya televisheni. Mbili, kila moja kiasi cha nusu mkate, zikatundikwa ukutani nyuma ya makochi. Sabufa ikawekwa kwenye kona, jirani na ngoma yangu.

Mashine ikaanza kuuliza maswali kwenye kioo, kwa Kiingereza. Mkaza mwanangu ndiye aliyekuwa anasoma, na kitabu chake amekifungua mapajani.

"Inauliza spika zako ni kubwa au ndogo."

"Wewe huzioni?" mwanangu akamjibu.

"Naziona. Lakini kitabu kinasema ukiwa na sabufa, hata zikiwa ndefu, ziandike ndogo. Sauti nzito iachiwe sabufa."

"Hata mimi ningekushauri hivyo, mzee," fundi akasema.

Mwanangu aliwatazama wote wawili kama watu waliomtukania mzazi. "Nimezitoa Dar es Salaam ndefu namna hii, zimepita Gairo kwenye tope, halafu zifike kwangu niziandike ndogo? Andika kubwa."

"Zote?" mkewe akamwuliza.

"Zote!"

"Baba, na hizi za nyuma? Hizi si kama mkate?"

"Nimesema zote. Hapa hakuna ndogo."

Fundi akatazama kofia yake. Zikaandikwa kubwa, zote tano.

Nisikilizeni niwaambie sauti iliyotoka. Ilitoka kila mahali. Spika ndefu zinanguruma, ya juu ya televisheni inanguruma, vile vinusu mkate vinajitahidi navyo kunguruma mpaka kimoja kikaanza kuvuma kama nzi kwenye chupa, na sabufa kwenye kona inanguruma kuliko zote. Nilikuwa na sahani ya mlenda mkononi. Mlenda ukatetemeka. Maua ya plastiki juu ya ngoma yakatetemeka. Mtu kwenye kioo anaongea, unaona midomo, unachosikia ni kama ng'ombe amefungiwa ndani ya tangi.

"Unasikia mziki huo?" mwanangu akapiga kelele.

"Nasikia," nikasema. Nikaenda kula nje.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Akirudi kazini tu, anavua viatu, anawasha. Anaongeza, anapunguza, anasogeza sabufa hatua moja, anairudisha. Kichwa changu kikawa na ukuta ndani yake. Na yeye mwenyewe hakuwa na raha, nilimwona. Alikuwa anajua kuwa kwa bosi haikuwa inasikika vile. Na Jumapili iliyofuata mjukuu wangu, binti yake, alikuwa anapata kipaimara. Naye ndiye fahari yangu, wa kwanza katika ukoo wetu kusoma Injili mbele ya kanisa bila kunyoosha kidole kwenye mstari. Bosi alikuwa amealikwa. Mwanangu alitaka bosi akae kwenye kochi lile asikie.

Akamwita tena fundi. Na hapa nakiri kosa langu, kwa sababu bila mdomo wangu yasingetokea. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kona, mwanangu amesimama juu yake analalamika kuwa sanduku ni baya, sanduku halina sauti. Mimi napita na ndoo. Fundi, kwa heshima tu, akasema, "Bibi, na wewe unasemaje?"

Ningesema sijui nikapita. Lakini mtu aliyesifiwa zamani akiulizwa jambo lake hawezi kupita. Nikaweka ndoo chini. Nikasema sauti nzito haitaki nguvu, inataka tumbo. Nikasema, unaiona hiyo iliyovalishwa kitambaa? Hiyo nikiipiga ng'ambo ya korongo, mbwa wa kijiji cha pili walikuwa wanaamka. Mti wake umekauka miaka mia. Hakuna sanduku la fundi yeyote litakaloifikia.

Fundi akanyoosha mkono akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikajibu, pamoja na kitambaa na maua. Akasema, "Ehee." Mwanangu akamtazama fundi, akaitazama ngoma. Nikaona jicho lake. Nilimzaa mimi, jicho lile nalijua. Ndilo alilokuwa nalo akiwa mdogo akiona asali juu ya mti.

Jioni ile alikuja uani akachuchumaa mbele ya kiti changu.

"Mama, ile ngoma huipigi."

"Siipigi."

"Sasa si imekaa bure? Fundi anasema anaweza kutoboa tundu moja tu ubavuni, spika ya sabufa ikaingia mle. Itakuwa bado ni ngoma yako. Inatumika. Watu wanaisikia."

"Ngoma yangu haitobolewi."

"Mama, tundu moja."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama." Akacheka, akaondoka. Nilidhani yameisha.

Siku ya pili nikapata habari ya msiba kwetu, mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma ndogo pembeni yangu tangu tukiwa wasichana. Nikaenda, nikalala huko siku mbili. Tulimzika kwenye tope, kaburi linaingia maji huku wanalichimba. Baada ya maziko wanawake tulikaa tukahesabiana: wa ngoma ndogo wamebaki watatu, mmoja haoni. Nikarudi Area D nimechoka mpaka kwenye meno.

Nikaingia sebuleni. Kwenye kona, chombo cha maua kilikuwa sakafuni. Kitambaa kimekunjwa vizuri mara nne, kimewekwa juu ya kochi.

Mkaza mwanangu akatoka jikoni, akaniona nimesimama, akaanza kulia kabla sijasema neno.

"Mama, nilimwambia. Wallahi nilimwambia."

"Iko wapi?"

"Kizota. Ameondoka nayo asubuhi kwenye gari, kabla ya safari. Leo amempeleka bosi Kondoa, watarudi Jumamosi."

"Imeshatobolewa?"

"Sijui, mama."

Sikuvua hata ndala. Area D mpaka Kizota ni kuvuka mji mzima, na mimi nilikwenda kwa miguu, na jua lilikuwa limetoka mwaka ambao jua halitoki, likanichoma kwa madeni yote. Nilipovuka reli nilikaa juu ya jiwe. Nilisema moyoni, mwache. Mti tu ule. Waliokuwa wanaitikia wanazikwa. Nilikaa pale kiasi cha mtu kumenya sahani ya karanga. Halafu nikasema, yule tuliyemzika juzi akinikuta huko akaniuliza, nitamjibu tundu? Nikainuka.

Karakana ya fundi ilikuwa banda la mabati, watu wanachomelea mageti huku na huku. Nikaiona ngoma kabla ya kumwona yeye. Imelazwa juu ya meza, imebanwa kwenye jiliwa kama mbuzi. Ubavuni pake pamechorwa duara kwa penseli, duara safi, kubwa kama sahani ya wali. Msumeno uko kando.

"Shikamoo, bibi," fundi akasema.

"Marahaba. Fungua hiyo."

"Bibi, mimi nimeletewa na mwenye mali."

"Mwenye mali ni nani? Mwenye mali ndiye aliyesimama mbele yako na miguu imevimba. Fungua."

Akafungua. Hakubisha. Akanivutia stuli, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, na yeye akakaa juu ya gogo. Nje wachomeleaji wanatoa cheche.

"Bibi, nikuambie ukweli," akasema. "Hata ningetoboa, isingesaidia kitu. Sanduku langu ni zima. Ugonjwa uko kwenye yale maneno, kubwa kubwa. Kila spika inafanya kazi ya sabufa. Nimemwambia mwanao mara tatu."

"Na bado ukachora duara?"

"Mteja akitaka ujinga, mimi ni nani nimnyime?" Akaona aibu, akavua miwani akaifuta. "Ila duara nililichora tangu asubuhi. Msumeno sikuushika. Nilikuwa natafuta sababu."

Nikamwuliza anieleze huo ugonjwa. Akaeleza: mashine ina mahali inapogawa sauti, mafundi wanapaita krosova. Chini ya hapo inakwenda kwa sabufa, juu ya hapo inakwenda kwa hizo nyingine. Ukiiambia spika ni ndogo, huitukani. Unaiambia tu isishuke chini ya mpaka. Ikipumzishwa mzigo ule, inaimba vizuri zaidi.

Nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu paa lidondoke. Nikamwambia, hayo yote mimi nilifundishwa kwa kupigwa vidole. Nilipokuwa msichana, kabla sijapewa kubwa, nilikuwa napiga ndogo, na nilikuwa naipiga kwa hasira ili nayo isikike nzito. Mama yangu mdogo alinichapa vifundo kwa fimbo ya ngoma. "Wewe mtoto, kubwa ina mwenyewe! Ukimfuata huko chini, huku juu anabaki nani?" Ngoma zote zikishuka chini, wachezaji hawaoni pa kuweka mguu. Inabaki kelele.

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi," fundi akasema. "Ndiyo hiyo hiyo kabisa."

"Basi Jumamosi asubuhi njoo. Mwanangu harudi mpaka jioni."

Nikafungua kanga yangu, nikaibeba ngoma mgongoni kama mtoto, nikafunga fundo kifuani. Njia nzima watu wananitazama. Mwanamke mmoja anayeuza ubuyu barabarani akaniita, "Bibi, mtoto huyo mbona mnene?" Nikamwambia, "Amenyonya sana." Wakacheka pale, na mimi nikaendelea, mgongo unaniambia maneno yake.

Jumamosi fundi akaja. Mkaza mwanangu alifunga mlango wa mbele kwa funguo kama tunapika gongo. Akashika rimoti na kitabu chake. Vya kwanza kuandikwa ndogo vilikuwa vile vinusu mkate, akaandika upesi. Ya juu ya televisheni, ndogo. Alipofika kwenye mbili ndefu, akanitazama.

"Mama, hizi ndizo zake za moyoni."

"Andika."

Akaandika. Fundi akalala kifudifudi nyuma ya sabufa, penye kidude cha kuzungusha chenye namba. Akasema, "Bibi, wewe sikiliza, mimi nazungusha. Ukiridhika, niambie."

Wakaweka kanda ya kwaya. Kwanza akazungusha kwenda juu sana. Waimbaji wa sauti nzito wakahama! Wamesimama kwenye kioo na makoti yao, sauti inatoka kwenye kona nyuma ya kochi, kana kwamba kuna mwanamume amejificha pale. Nikasema hapana, mfukuze huyo. Akashusha sana. Hapo pakawa na shimo. Juu unasikia, chini kabisa unasikia, katikati hakuna mtu, kama ngazi iliyong'oka vipandio. Nikasema panda. Akapanda. Panda kidogo. Rudi. Nikafumba macho. Nikawaweka wenzangu kwenye nafasi zao, yule wa Jumanne tuliyemzika nikamweka kulia kwangu kama siku zote. Wao juu, mimi chini, na pale mkono wangu unapokutana na wao pasionekane mshono.

"Hapo," nikasema.

"Themanini," fundi akasema kutoka sakafuni. "Bibi, kitabu kinasema themanini."

"Kitabu kimesema kweli basi."

Tukaitoa sabufa kwenye kona, maana kona ilikuwa inaizidishia. Ikasogea hatua tatu kufuata ukuta. Mlenda wa mchana ule nilikula sebuleni na haukutetemeka. Na kila neno la wimbo lilisikika, hata mtu mmoja aliyekohoa katikati ya pambio. Mkaza mwanangu akasema, "Kumbe wanaimba Kiswahili!"

Mwanangu aliporudi jioni, kitu cha kwanza kukiona ilikuwa ngoma kwenye kona, bila kitambaa, duara la penseli limeelekea mlangoni. Nililielekeza mimi. Akasimama. Viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Washa mashine yako."

Akawasha. Akakaa kwenye ukingo wa kochi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, yeye hajagusa kitu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Fundi amebadilisha nini?"

Mkaza mwanangu akatazama dari. Mimi sijui kutazama dari.

"Zimeandikwa ndogo. Zote tano."

Nikaona mkono wake unatafuta rimoti. Mkewe alikuwa ameikalia. Akatafuta chini ya mto, akatafuta juu ya televisheni, na wakati wote huo kwaya inaimba, na taratibu akaacha kutafuta. Akabaki amesimama katikati ya sebule, anatazama zile spika ndefu kama mtu aliyeona watoto wake wamefaulu mtihani ambao hakuwaruhusu kufanya.

"Bosi asijue," akasema.

"Atajulishwa na nani?"

Jumapili tukaenda kanisani. Mjukuu wangu alisoma, sitaeleza zaidi, nitaonekana najisifu, ila askofu aliinua uso. Tulirudi, tukala pilau na kuku, siku hiyo mlenda ulipumzika. Bosi akakaa kwenye kochi lenyewe. Akasikiliza. Akasema, "Bwana, mbona zako zinasikika safi kuliko zangu? Spika kubwa kweli hizi." Mwanangu akasema, "Ni kubwa, mzee." Akanitazama mara moja, akatazama sahani yake. Mkaza mwanangu akaenda jikoni kucheka.

Wageni walipokwisha kuondoka nilikaa kwenye kiti changu uani. Miguu nimeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Tangu msibani sikuwa nimekaa vizuri. Mwanangu akaja, akachuchumaa mbele yangu, akachukua mguu mmoja akaanza kuukanda, kitu ambacho hajafanya tangu aanze kuvaa viatu vya kung'aa.

"Mama, nisamehe kwa habari ya Kizota."

"Nimekusamehe."

"Nilikosa. Nilidhani umeshaiacha."

"Nimekuambia nimekusamehe. Kanda."

Akakanda. Ndani mjukuu wangu na wenzake walikuwa wanacheza, na mpigo mzito ulikuwa unakuja mpaka kwenye beseni, taratibu, unajua mwisho wake. Ulikuwa mzuri. Sikumwambia mtu, lakini ulikuwa mzuri. Nikafumba macho.

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Sasa fikiria. Sauti imeshakaa sawa, si ndiyo? Mpaka bosi amekubali. Sasa hiyo hiyo, mama, ingekuwa inatoka ndani ya ule mti wa miaka mia. Duara si limeshachorwa? Tundu moja tu, na tutalifanya dogo."

Nilifumbua macho nikamtazama. Sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu niliiacha kwenye njia ya Kizota. Nilitoa mguu wangu mikononi mwake, nikaurudisha kwenye maji.

"Ngoma yangu haitobolewi."